Mganga wa Kitui Hana Jina

Leo nataka tuzungumze juu ya mtu niliyemwigiza mara tisa kwenye televisheni na mpaka sasa sijui jina lake.

Katika skripti anaandikwa "Mganga". Mwandishi akiwa mkarimu huongeza kidogo: "Mganga kutoka Kitui". Huletwa kipindi kikielekea ukingoni, mama mwenye nyumba ameshindwa na mumewe au mwenye duka ameibiwa. Unamkuta ndani ya kibanda chenye moshi, kitambaa chekundu begani, manyoya ya kuku kichwani, mgwisho mkononi. Anasema maneno matatu, anacheka vibaya, anaitisha kuku mweusi na pesa taslimu, kisha kamera inamwacha na kurudi Nairobi kwa watu wenye majina.

Mimi ni mtu wa Mutomo, Kitui Kusini. Ukitoka Kibwezi ukaifuata barabara ya kwenda Kitui, ukavuka mto Athi, ukaipita Ikutha na mibuyu yake, utafika kwetu. Mke wangu ni wa ng'ambo ya pili ya huo mto, Kathonzweni, Makueni. Kwa hiyo maisha yangu yote yako kwenye pande mbili za mto huo, na katika maisha hayo sijawahi kumwona mtu anayefanana na yule niliyekuwa nikilipwa kumwigiza.

Niliingia kazini kwa lafudhi. Nilikwenda kwenye odisheni Nairobi nikitafuta nafasi ya dereva wa teksi. Nilikuwa nimekariri maneno yangu vizuri. Yule aliyekaa mezani akaangalia jina langu kwenye karatasi, akaniuliza, "Wewe ni Mkamba?" Nikasema ndiyo. "Basi ongea kama Mkamba." Nikamwambia ndivyo ninavyoongea. Akasema, "Hapana, Mkamba kabisa."

Nilijua anachotaka. Katika Kikamba sauti za b, d na g hazisimami peke yake, lazima zipite puani kwanza. Ndiyo maana mzee wa kwetu asiyekwenda shule akisema Kiswahili, baba anakuwa mbamba na gari linakuwa ngari. Susu wangu, nyanya yangu mzaa baba, alisema hivyo mpaka alipofariki, na pale kwetu hakuna aliyemcheka kwa sababu hakukuwa na aliyesema vingine. Basi siku ile nikasema yale maneno ya dereva kwa sauti ya susu. Chumba kizima kikavunjika mbavu. Nikaambiwa udereva umeshachukuliwa, ila kuna nafasi ya mganga, nije Jumanne.

Nilishuka ngazi nikiwa na kazi, na moyo mzito. Nilihisi nimempeleka susu sokoni.

Nasema hivyo kwa sababu susu ndiye aliyenifundisha kuigiza. Jioni, muthokoi, mahindi yetu yaliyokobolewa, ikiwa jikoni inachukua muda wake, alitutambia ngano, tunazoziita mbano. Alikuwa na sauti ya sungura, sauti ya msichana aliyepotea, na sauti ya iimu, yaani zimwi, iliyotoka chini kabisa ya kifua mpaka tukasogeleana. Nilipokuwa mtu mzima nilikuja kujua kwamba mtoto wa Mulango, hapo karibu na Kitui mjini, John Mbiti, aliyezaliwa 1931 na kuwa mmoja wa wanateolojia wakubwa wa Afrika, alizikusanya ngano hizo akazitoa katika kitabu mwaka 1966. Nilifurahi kuona zimeheshimiwa namna hiyo. Lakini jambo la susu ambalo sikulielewa mpaka nilipoanza kazi hii ni kwamba zimwi lake lilikuwa na kwao. Lilichoka. Lilikuwa na mke aliyelilaumu kwa kuja na mzigo mdogo. Tuliliogopa zaidi kwa sababu lilikuwa na mambo kama ya jirani.

Televisheni ya kwanza niliyoiona ilikuwa ya mwenye duka mmoja pale Mutomo, inaendeshwa kwa betri ya gari. Stesheni ilikuwa moja tu, ya serikali, na siku ya Vitimbi, kipindi cha vichekesho, tulijaa mpaka mlangoni. Sisi watoto wa Kitui tulicheka na Mzee Ojwang' na Mama Kayai, mume na mke wa kipindi hicho wenye lafudhi ya Kijaluo, kama tumezaliwa Nyanza. Nilikuwa nimeshafika Nairobi niliposikia kwamba Mzee Ojwang' hakuwa Mjaluo. Alikuwa Benson Wanjau, Mkikuyu. Na Mama Kayai, Mary Khavere, naye hakuwa Mjaluo. Nilikaa nikawaza sana. Nchi hii, pamoja na yote tunayotendeana kila uchaguzi, ilimkubali Mkikuyu akiongea kama Mjaluo miaka na miaka, na Wajaluo wenyewe wakamwita mzee wao. Alipofariki Julai 2015 nililia kama nimefiwa nyumbani. Kabla ya hapo Wakenya walikuwa wamechanga kwa simu ili atibiwe macho, na hilo lilinigusa na kunihuzunisha papo hapo: kwamba mtu amechekesha taifa zima, kisha mwisho wake ni mchango.

Kwa nini lafudhi ya Ojwang' haikumuudhi mtu? Nimelifikiria swali hili katika matatu nyingi. Naamini ni kwa sababu lafudhi ilikuwa koti tu. Ndani ya koti mlikuwa na mume mwenye wivu, mwenye kujivuna, mwenye madeni, anayempenda mke wake na kumwogopa. Ungemvua ile lafudhi angebaki mtu. Mimi mganga wangu ukimvua lafudhi na manyoya, kibanda kinabaki kitupu.

Na Mkamba mwenzetu Daniel Ndambuki, mnayemjua kwa jina la Churchill, alifanya kitu kama hicho redioni. Mwalimu King'ang'i wake alikuwa na lafudhi ya kwetu mwanzo mpaka mwisho, lakini alikuwa mwalimu, alikuwa na maoni, alibishana na Maina Kageni asubuhi yote bila kusalimu amri. Watu walicheka, ndiyo, na bado walingoja kusikia atasema nini.

Kabla ya televisheni nilizunguka na kikundi kinachoigiza vitabu vya kutahiniwa katika shule za upili. Wengi wenu mlisoma Kifo Kisimani cha Kithaka wa Mberia. Mimi nilikuwa Gege, anayeahidiwa binti wa mtawala na kumuua ndugu yake, Mwelusi. Katika shule moja ya wasichana huko Makueni, nilipotoka jukwaani na kisu, ukumbi mzima ulinizomea mpaka nikasahau mstari. Baadaye, tukila chakula cha wanafunzi, msichana mmoja alinijia akaniambia, "Mwalimu, mimi nimekuchukia, lakini nilimwonea huruma mama yako." Alimaanisha Tanya, mama wa Gege na Mwelusi. Maneno hayo sikuyathamini siku ile. Leo ningemlipa yule msichana ada ya ualimu. Muuaji mwenye mama huwezi kumtupa haraka. Unamchukia, lakini unabaki naye.

Miaka kadhaa baadaye nilimwona mtu akiigiza mwovu wa namna hiyo kwenye skrini ya dunia. Juni 2015 Netflix ilitoa tamthilia iitwayo Sense8, yenye sehemu yake ya Nairobi, na jambazi mkubwa wa sehemu hiyo, Silas Kabaka, aliigizwa na Peter King Nzioki Mwania. Nzioki ni jina letu, msikilizaji wa Ukambani hahitaji kuelezwa. Sikuisikia lafudhi yoyote ya kuchekesha. Nilimwona mtu mrefu, mpole, anayeongea polepole, na upole wake ndio unaotisha. Kisha unagundua kwamba ana binti mdogo mwenye saratani ya damu, na anamkabidhi mtoto huyo kwa dereva wa matatu amlinde. Nilisimamisha picha hapo. Nikatoka nje nikasimama kidogo. Jambazi wa Nairobi alikuwa amepewa mtoto. Mwaka uliofuata nikamwona tena Mwania katika filamu ya Kati Kati ya Mbithi Masya, safari hii ni kasisi aliyebeba dhambi asiyoweza kuitamka. Yule yule mtu, na ungeapa ni wawili.

Sisemi kwamba kila mwigizaji atapata nafasi kama hizo. Nasema kwamba niliona inawezekana.

Sasa nije kwenye siku ya ntheo. Wasiotoka kwetu niwaeleze: ntheo ni mbuzi tunaowapeleka kwa wakwe, na bila hao mke hajawa mke, hata kama mmefunga ndoa kanisani. Nilikwenda Kathonzweni na wazee wangu na mbuzi wetu watatu. Tulipokelewa vizuri. Chai ikaletwa. Kisha shangazi mmoja wa mke wangu akaniangalia, akaangalia chini, akaniangalia tena, akamnong'oneza jirani yake. Mnong'ono ukazunguka boma. Nikaona mama mmoja anamvuta mtoto wake pole pole kutoka upande wangu.

Mkwe wangu akauliza kwa adabu, "Kijana, ni wewe yule wa televisheni?"

Nikasema, "Ni mimi, mzee. Ni kazi tu."

Akanyamaza. Alikuwa mtu wa kunyamaza. Halafu akasema, "Mjomba wangu alikuwa mundu mue. Sikumsikia hata siku moja akicheka namna ile."

Mbuzi walipokelewa, mke nikapewa, lakini nilirudi na sentensi hiyo kichwani. Nilipozoeleka katika ule mji nilimwomba mzee anieleze habari za mjomba. Akanieleza kwa jioni kadhaa, tukiwa chini ya mwembe wake. Kwanza alinisahihisha. Kikamba kina maneno mawili, na televisheni yetu imeyafanya moja. Mundu mue ni mwenye kutibu na kupiga ramli. Muoi ni mchawi, anayedhuru, anayefanya kazi usiku, na hakuna anayejitangaza kwamba ni muoi. Mundu mue alikuwa ndiye kinga dhidi ya muoi. Kumvisha mmoja nguo za mwingine ni sawa na kumvisha daktari nguo za muuaji, alisema, ukashangaa wagonjwa wanakimbia.

Mjomba huyo alikuwa na kititi, kibuyu chenye mbegu ndani. Alikitikisa, akazimimina mbegu, akazihesabu kwa mafungu, akauliza maswali mengi kuliko majibu aliyotoa. Alijua nani amekosana na nani kijiji kizima. Alichimba mizizi mwenyewe, alfajiri. Hakuvaa manyoya. Alivaa koti kuukuu la kijivu alilonunua Emali.

Gerhard Lindblom, Msweden aliyekaa Ukambani kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, alieleza habari za waganga hawa katika kitabu kinene kilichotoka 1920. Na Mbiti huyo huyo wa Mulango, katika kitabu chake cha 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika, aliwatetea waganga akisema ni hazina kwa jamii zao, na kwamba wageni waliwaharibia jina kwa kuwachanganya na wachawi. Mkwe wangu hakusoma kitabu chochote kati ya hivyo.

Sifa mbaya ya uchawi ya Ukambani haikuanza na sisi waigizaji. Mwaka 1932 mahakama ya Nairobi iliwahukumu kunyongwa wanaume 60 wa wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilibeba na Makueni, kwa kumpiga mpaka kufa mwanamke waliyeamini ni muoi. Adhabu hiyo ilipunguzwa baadaye, lakini habari zilikuwa zimefika magazeti ya London, na jina la Mkamba likafika nalo. Miaka karibu mia imepita. Leo ukisema Kitui mahali popote Kenya, mtu atakutania juu ya kamuti, yaani uchawi wa kwetu, atauliza kama umebeba dawa. Nimetaniwa hivyo na makondakta, na askari wa barabarani, na daktari mmoja aliyekuwa akinipima damu. Nilizoea. Lakini wazee wanauawa katika nchi hii kwa kushukiwa uchawi. Kilifi wameuawa, Kisii wamechomwa ndani ya nyumba zao. Nimejiuliza, usiku nikikosa usingizi, kama kile kicheko changu hakikupita kwenye sebule moja ya huko, kikamsaidia kijana fulani kuamua jambo juu ya babu yake kwa ajili ya shamba. Sina jibu. Swali linanitosha kunikosesha usingizi.

Mama yangu hakuwa ameniona kwenye televisheni. Umeme haukuwa umefika kwake, na aliridhika kusikia kwamba kijana wake anafanya kazi ya televisheni, jambo alilolitangaza kwa akina mama wenzake wa kanisa la AIC. Mapema 2015 mitambo ya analojia ilizimwa, stesheni kubwa zikapotea karibu wiki tatu, kisha kila mtu akaambiwa anunue king'amuzi. Mimi nikamnunulia mama king'amuzi, televisheni ndogo na paneli ya sola, nikaona nimekuwa mtoto mwema. Wakati huo stesheni moja ilikuwa inarudia vipindi vyangu vya zamani.

Akanipigia simu usiku. "Mwana wakwa," akasema, "nimekuona." Nikangoja. "Ulikuwa na manyoya." Nikangoja tena. "Sauti ile ni ya mama mkwe wangu. Umeitoa wapi?"

Aliijua. Kati ya watu wote waliocheka, ni yeye peke yake aliyetambua kwamba nilikuwa nikiongea kwa sauti ya susu. Sikuwa na la kumwambia. Akaniambia nile vizuri, akakata.

Kazi ya mganga niliyoletewa baada ya hapo, nilimwomba mwongozaji jambo moja tu: ampe mzee huyo jina. Akacheka, akasema dakika mbili za skrini haziwezi kubeba jina. Nikaikataa kazi. Nilikuwa na karo ya kulipa mwezi ule, na mke wangu alijua, na hakunilaumu. Miezi mingi baadaye walinitafuta vijana watatu waliokuwa wakipiga filamu fupi karibu na Ikutha kwa kamera ya kuazima. Walikuwa na mganga. Nikawaambia sharti langu. Wakaniuliza ningependa aitwe nani. Nikasema Musyoka, yaani aliyerudi.

Niliwaambia pia wampe mtoto. Wakampa mjukuu wa kike. Sasa hadithi ikabadilika yenyewe mikononi mwetu. Mjukuu ana homa. Mzee Musyoka anatikisa kititi, anachimba mizizi, anamnywesha, na homa haishuki. Usiku wa manane anambeba mgongoni, anatafuta bodaboda, anampeleka hospitali. Nilivaa koti la kijivu nililoazima kwa mkwe wangu. Katika hospitali hiyo, ambayo kwa kweli ilikuwa darasa lililopakwa rangi nyeupe, watu wamekaa kwenye benchi. Wakimwona ni nani, wanainuka mmoja mmoja na kuhamia upande wa pili. Mzee anabaki peke yake kwenye benchi refu na mtoto mapajani. Hasemi neno. Filamu inaishia hapo.

Wale waliokaa kwenye benchi walikuwa wanakijiji, hatukuwafundisha chochote zaidi ya kuwaambia huyu ni mganga. Walivyoinuka, walivyokusanya leso zao wasiniguse, wale ni watu walionipa chai asubuhi. Nilikaa pale nimemshika mtoto wa mtu, nikajua kwa mara ya kwanza mjomba wa mkwe wangu aliishi vipi.

Filamu hiyo haikwenda televisheni. Ilionyeshwa hapa na pale, halafu vijana wakaiweka kwenye simu. Nikaipeleka Mutomo mwenyewe, nikakaa na mama kwenye kigoda nje ya jiko, nikamshikia simu kwa sababu mikono yake sasa inatetemeka. Aliitazama yote bila kusema kitu. Ilipokwisha aliendelea kuangalia kioo cheusi.

"Na yule mtoto," akauliza, "alipona?"

Nikamwambia, "Mama, skripti haikusema."

"Basi wapigie simu hao vijana," akasema, "uwaulize."